Mambo Yakichacha Nami Niko Peke Yangu Pipeline, Nifanyeje?

"Nina miaka 19, naishi peke yangu chumba kimoja ghorofa ya nne, mtaa wa Pipeline, Nairobi. Baba alifariki, mama yuko Saudia kwa kazi za nyumbani. Nasomea ushonaji na wikendi nafulia watu nguo, napata kama 300 kwa siku nikibahatika. Tangu maandamano ya Juni 2024, nikisikia siasa zimepamba moto silali vizuri. Naogopa uchaguzi wa 2027 mambo yaharibike kabisa, serikali isiwepo, nami sina mtu hapa. Marafiki wananiambia niweke pesa Mpesa na pakiti ya unga, kikinuka nipande gari la kwanza niende kwa nyanya Busia. Wengine wanasema nijifungie na nisimwambie mtu yeyote kwamba naishi peke yangu. Gesi ya polisi ikiingia ndani eti nipake dawa ya meno. Nifuate lipi?"

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili: utakula nini na utakimbilia wapi. Nyuma yake nasikia la tatu, na nadhani ndilo linalokukosesha usingizi: nikipatwa na jambo, nani atajua? Hilo la tatu ndilo linaloamua hayo mengine, nami nitalifikia. Kwa sasa jua tu kwamba katika ushauri wote uliopewa, wa kufuata ni nusu ya mmoja.

Wengi huwaza kwamba nchi inaanguka siku moja kama ghorofa lililojengwa bila nondo. Kinachotokea ni huduma kufunga moja moja: leo matatu, kesho wakala wa Mpesa, keshokutwa lori la mboga halifiki soko la Marikiti. Matokeo ya uchaguzi wa 2007 yalitangazwa Desemba 30, na mkataba wa kugawana mamlaka ukatiwa sahihi Februari 28, 2008. Hiyo ni miezi miwili. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Hata hivyo, Nairobi haikufungika miezi miwili mfululizo. Kulikuwa na siku za kufungika kabisa, kisha asubuhi mbili tatu za maduka kufunguliwa nusu mlango, kisha fujo tena. Panga kufuatana na mwendo huo: uweze kukaa siku 3 bila kutoka chumbani, na uweze kula siku 14 ukitoka asubuhi chache tu. Zaidi ya hapo, kwa mapato yako, utajitesa bure.

Tuanze na pesa, kwa sababu hapo ndipo marafiki zako wamekosea zaidi. Kutuma na kulipa kwa Mpesa hakuhitaji bando. *334# inafanya kazi bila intaneti, na hilo ni jambo la maana, maana Juni 25, 2024 intaneti ilivurugika nchini huku simu na ujumbe mfupi vikiendelea. Shida iko kwa wakala. Yeye ana pesa taslimu dukani na anaogopa kuporwa, kwa hiyo hufunga wa kwanza na kufungua wa mwisho. Na mtandao wa simu wenyewe ukizimika, salio lako linabaki namba tu. Waulize Wasudani. Februari 2024 mawasiliano yalikatika karibu nchi nzima, na programu ya benki iitwayo Bankak, ambayo watu walikuwa wameitegemea kununulia chakula tangu noti ziadimike, ikanyamaza. Majiko ya mitaani yaliyokuwa yakilisha watu yakaanza kufunga kwa kukosa namna ya kulipia vyakula.

Kwa hiyo lenga 2,000 taslimu, ziwe noti za 50, 100 na 200, pamoja na sarafu. Noti ya 1,000 siku hizo haina chenji, na ukiitoa kibandani mbele za watu umejitangaza. Zigawe sehemu tatu, moja ikae mwilini. Ukiweka 50 kila siku ya kufua, zitatimia kama miezi mitano hivi. Mama akiweza kuzituma mara moja, bora zaidi. Weka pia salio la kupiga simu. Januari 2008 kadi za kukwangua ziliadimika hadi zikauzwa juu ya bei iliyoandikwa. Na tokeni za stima usingoje zifike uniti mbili.

Maji yatakusumbua kabla ya chakula. Kwenye ghorofa nyingi za huko maji hupanda kwa pampu, na pampu hula stima; stima ikipotea, bomba la ghorofa ya nne hukauka kabla ya la chini. Nunua mitungi miwili ya lita 20 yenye kifuniko kinachokaza. Mtungi uliobeba mafuta ya kupikia unafaa ukioshwa kwa maji moto na sabuni. Uliobeba kemikali ya aina yoyote usiuguse, hata ukisuguliwa na mchanga mara kumi, kwa sababu plastiki hunywa harufu na sumu. Ukijibana, kunywa na kupika ni lita 5 hivi kwa siku, kwa hiyo lita 40 ni siku 8. Mashirika ya misaada huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku pamoja na usafi, ndiyo maana mtungi wa tatu, wa choo na mikono, si anasa. Jaza yote siku maji yanapotoka, tumia ya zamani, jaza tena.

Maji ya kununua kwa mkokoteni wakati wa fujo usiyaamini, kwa kuwa mabomba yakikosa nguvu ya maji hufyonza uchafu wa mitaro kupitia nyufa. Yatie WaterGuard, ile dawa ya klorini ya maji: kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20 wa maji angavu. Yakiwa na tope, yachuje kwa leso iliyokunjwa mara nne kisha utie vifuniko viwili. Tikisa, ngoja dakika 30. Harufu hafifu ya klorini ndiyo dalili kwamba dawa bado ipo. Isiposikika kabisa, uchafu umeimaliza, rudia. Ukichemsha, yakishatokota kwa nguvu dakika moja yametosha. Kuyaacha yachemke dakika kumi, kama wengi tulivyofunzwa, ni kuchoma gesi.

Pakiti moja ya unga haitoshi, na hesabu ni rahisi. Mtu mzima anahitaji kama kalori 2,100 kwa siku. Gramu 400 za unga wa mahindi zinatoa karibu 1,400, na zinazobaki zitoke kwa ndengu, mafuta na sukari. Kwa siku 14 hiyo ni pakiti tatu za kilo 2, kilo moja na nusu ya ndengu, nusu lita ya mafuta, kilo ya sukari, chumvi, na omena wakavu au karanga za kuongeza. Nunua kitu kimoja cha ziada kila wiki, uweke kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, kisha ule cha zamani na kurudisha kipya. Unga unaokaa mwaka mzima ukisubiri vita utaliwa na wadudu. Ndani ya ndoo hiyo weka pia chakula cha siku 3 kisichohitaji moto: biskuti, karanga, maziwa ya unga. Hicho ndicho cha siku ambazo hutaki hata harufu ya kitunguu itoke mlangoni.

Nimesema ndengu badala ya maharagwe kwa sababu ya gesi. Ndengu zilizolowekwa usiku kucha huiva upesi. Unaweza kuokoa zaidi: zichemshe dakika 15, funika sufuria, izungushie blanketi nene pande zote na juu, uiache saa tatu au nne. Joto lililomo litamaliza kazi. Ukifanya hivyo kwa maharagwe mekundu, lazima kwanza yatokote kwa nguvu dakika kumi nzima, la sivyo sumu yake ya asili inabaki na utaharisha vibaya.

Hapa nataka unisikilize kwa makini. Gesi ikiisha, watu hurudia jiko la makaa. Wakati huohuo nje kunarushwa vitoa machozi, kwa hiyo dirisha limefungwa na chini ya mlango kumezibwa kwa kitambaa. Makaa yanayowaka ndani ya chumba cha namna hiyo hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mtu aliyechoka hudhani ni uchovu tu, akalala. Wengine hawaamki. Jiko la makaa likae nje au kwenye korido iliyo wazi, na lisiingizwe ndani usiku hata kama makaa yanaonekana kuwa jivu. Kati ya macho kuwasha na hewa hii, chagua macho kuwasha, fungua dirisha.

Sasa lile la tatu. Wanaokuambia usimwambie mtu kwamba unaishi peke yako wana nusu ya ukweli. Ploti nzima haina haja ya kujua, na kijana wa ghorofa ya chini anayejitolea "kukulinda" hana haja kabisa. Lakini ukijificha na kwa mama mmoja wa jirani, ukiugua au mlango ukivunjwa hakuna atakayekuulizia. Khartoum, vita vilipoanza Aprili 15, 2023 na ofisi za serikali zikafungwa, waliobaki mitaani walilishwa na kutibiwa kwa kiasi kikubwa na vikundi vya vijana wa mtaa vilivyoitwa vyumba vya dharura. Vilitokana na watu waliokuwa wakijuana kabla.

Chagua watu wawili. Wa kwanza awe mwanamke mtu mzima kwenye ghorofa yako, mwenye watoto, ambaye umemwona kwa miezi kadhaa anavyoishi na watu. Wa pili atoke nyumba nyingine, na ikiwezekana awe wa kabila tofauti na lako na la huyo wa kwanza. Nasema hivi waziwazi kwa sababu 2008 watu walitafutwa kwa majina yao. Usiku mmoja nyumba hii huwa salama, usiku mwingine ile. Usiende na hotuba ya vita. Anza na vitu vidogo: mshonee mtoto sare, mwachie chumvi, umuombe akupokelee mtungi. Baadaye mwambie, "Mama, mimi niko peke yangu na mama yangu yuko mbali. Usiponiona siku mbili, nibishie." Mkubaliane namna ya kubisha, tuseme mara mbili, kimya, kisha moja, na usifungue kwa mlio mwingine. Kupika pamoja kwa moto mmoja nako huokoa gesi ya nyumba mbili. Mzee wa nyumba kumi mfahamu kwa jina na uso, ila kama anasikika akipigia debe upande mmoja, salamu zinatosha.

Kwa mama wa Saudia weka saa maalumu: ujumbe mfupi saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, hata kama ni neno moja. Ukikosa mara mbili mfululizo, yeye ampigie yule jirani, si polisi kwanza wala ndugu wa mbali. Namba hizo ziandike kwenye karatasi. Simu ndogo ya mulika mwizi hukaa na chaji siku kadhaa na nyingi zina redio. Ukichomeka waya wa sikioni ndio unaokuwa antena. Habari usiyoisikia sehemu mbili zisizonakiliana ichukulie kama uvumi, hasa ikitaja kabila na mtaa wako.

Gari la kwanza kwenda Busia ndilo ushauri hatari kuliko wote uliopewa. Januari 2008 barabarani kulikuwa na hatari kubwa: vijana walifunga njia ya magharibi kwa mawe na magogo, wakashusha abiria na kudai vitambulisho. Magari yaliyopita salama mara nyingi yalikwenda kwa msafara wenye polisi au jeshi. Ukitaka kuwa kwa nyanya, nenda mapema. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Safiri wiki mbili kabla, magari yakiwa mengi na nauli haijapanda, urudi kukishatulia. Kama umejiandikisha kupiga kura Nairobi, safari hiyo itakugharimu kura yako. Hilo ni lako kulipima, sitakuamulia.

Ukishakutwa na fujo ukiwa hapa, kaa. Ondoka kwa sababu tatu tu: moto kwenye jengo lako au linalopakana nalo, tishio linalokutaja wewe au watu wa kabila lako kwenye ploti, au maji yamekwisha na hakuna pa kuyapata. Kwa sababu hizo usisubiri kesho. Lengo liwe mahali pa kufika kwa miguu ndani ya saa moja, na uwe umeshaitembea njia hiyo siku za amani, njia mbili tofauti, angalau moja isiyopita Barabara ya Outer Ring, kwa kuwa barabara kubwa ndiko polisi na waandamanaji hukutana. Toka kukipambazuka, kabla ya saa nne. Fujo nyingi huanza watu wakishakusanyika. Viatu vya kufunga, nguo isiyo na rangi ya chama, begi lisilozidi kilo 6: kitambulisho na cheti cha kuzaliwa kwenye nailoni, maji lita 2, dawa, sodo, chaja, leso.

Wapi sasa? Mwaka 2008 watu walikimbilia vituo vya polisi, makanisa na uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Kanisa peke yake si ngome. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa Januari 1, 2008 na watu wakiwemo ndani. Angalia kama kuna walinzi, kama pana milango zaidi ya mmoja, kama watu ni mchanganyiko, na kama Msalaba Mwekundu wanafika. Namba yao ni 1199, bila malipo.

Dawa ya meno iache kwenye mswaki. Haizuii chochote, na ikikauka karibu na jicho inashikilia unga wa gesi hapohapo. Suuza macho kwa maji safi matupu dakika 10 hadi 15, kichwa kikiinamia upande, bila kusugua. Vua nguo ulizokuwa nazo, kwa kuwa unga huo hukaa kwenye kitambaa. Gesi ni nzito, hushuka. Ghorofa ya nne tayari una bahati, usikimbilie ngazi za chini. Kama una pumu, na hukuniambia, nenda kliniki sasa uombe dawa ya kuvuta ya akiba.

Milio ya risasi ikisikika usiende roshani kuangalia wala kurekodi. Agosti 2017 mtoto wa miaka 9 alipigwa risasi akiwa roshani ya ghorofa huko Mathare. Lala sakafuni, chini ya usawa wa dirisha, ukutani pasipotazamana nalo. Ukuta wa mawe husaidia. Mlango wa mbao na mabati havizuii risasi.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Taja jina lako na uombe kupiga simu kwa namba uliyoikariri. Moja tu, ikariri leo.

Na hili sitalizunguka, kwa sababu wasichana walio peke yao ndio hulengwa. Ukibakwa, hospitali ni kabla ya polisi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora; za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120. Usioge kwanza kama unaweza kuvumilia, na nguo zibebe kwenye bahasha au gazeti, kwa sababu kwenye nailoni ushahidi huoza. Namba 1195, ya kusaidia waliobakwa au kudhulumiwa kijinsia, ni ya bure, usiku na mchana. Barabara zikiwa zimefungwa, piga hata hivyo. Watakuelekeza kituo kilicho wazi karibu nawe.

Usingizi uliopotea tangu 2024 si jambo la kungoja 2027. Kushtuka ukisikia mlipuko wa gurudumu, moyo kwenda mbio, kukwepa mjini, vikidumu wiki kadhaa vinahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Ile 1199 ina washauri pia, na chuo chako huenda kina wake; uliza ofisi ya wanafunzi. Usiku usisome habari kitandani.

Jumamosi hii, ukitoka kufua, nunua mtungi mmoja. Ukiubeba ngazi zile nne, mbishie yule mama, umuombe akusaidie kuunyanyua.